Windows 10 imefika mwisho na sitaki Linux: nifanyeje?

SWALI: Nina steshenari karibu na chuo hapa Morogoro. Kazi zangu ni kuchapa barua, CV na ripoti za wanafunzi, fotokopi, picha za pasipoti, kadi za michango, na kuwasaidia vijana kujaza maombi ya mkopo na ya ajira. Natumia HP EliteBook 840 G3 niliyonunua mtumba, RAM 8GB, ina Windows 10. Tangu Oktoba 2025 inaniambia Windows 10 imefika mwisho, na kwamba kompyuta yangu haifai kuwekwa Windows 11. Mwanangu anasomea mambo ya kompyuta, ananisukuma niweke Linux. Mimi nina miaka 56, Word nilijifunza mwaka 2003, na sitaki kuanza upya mbele ya wateja. Je, ni lazima? Na nikikubali, nitapoteza nini?

JIBU: Shikamoo mama. Si lazima uhamie Linux, yaani ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows. Ila kubaki hivyo ulivyo, na mashine hiyohiyo inapokea flashi za wateja na kufungua akaunti za mikopo za watoto wa watu, sikushauri. Na ukiamua kuhama, usianze na Linux. Anza na programu unazozishika kila siku, ukiwa bado kwenye Windows yako. Mwanao ana nia njema, lakini ameanzia mwisho.

Kwanza hilo tangazo. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama bure. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo. Itawaka, Word itafunguka, printa itachapa. Kilichobadilika ni kwamba tundu jipya likigunduliwa ndani ya Windows 10, hakuna anayekuzibia. Mtu anayeandika barua zake mwenyewe nyumbani anaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Wewe huwezi, maana mashine yako inachomekwa flashi za watu usiowajua tangu asubuhi hadi jioni, na kwenye kivinjari chake zinapita namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na nywila za watu wasio na kompyuta nyingine. Siri zao ziko mikononi mwako.

Kwa nini imekataliwa? Haijaharibika, wala hukutapeliwa. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa zilizomo kwenye orodha ya Microsoft yenyewe. Kwa Intel orodha hiyo inaanza kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6. Ukitaka kuhakikisha, tazama jina la prosesa: kama ni i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. Kwa nguvu, mashine hiyo yenye RAM 8GB inaweza kazi zako zote kwa miaka kadhaa mbele.

Sasa una njia nne. Ya kwanza ni kununua muda. Microsoft iliweka mpango wa kuwaongezea watumiaji wa kawaida viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani au bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Unaingilia kwenye Settings, sehemu ya Windows Update, na Windows yako iwe toleo la 22H2. Kama bado inakukubali, jiunge leo hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili, kwa sababu unapata nafasi ya kuhama kwa utaratibu wako.

Ya pili mafundi wengi wa mtaani watakupendekezea: kuilazimisha Windows 11 iingie kwa kuruka ukaguzi. Inawezekana, na kwenye mashine kama yako mara nyingi inafanya kazi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho, na toleo kubwa jipya likija unaweza kukwama katikati ya msimu wa kazi. Kwa kompyuta ya kuchezea gemu nisingekukataza. Kwa duka linalokulisha, hapana. Ya tatu ni kununua laptopu nyingine ya mtumba, ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kama hela ipo na moyo wako umekataa kabisa kubadilika, hiyo ni njia ya heshima na usiruhusu mtu akuone mjinga kwa kuichagua. Ya nne ndiyo ya mwanao.

Nitakaa zaidi kwenye hiyo ya nne, kwa kuwa ndiyo inayokutia hofu, na hofu yako ina msingi. Vijana wetu wa kompyuta hupima mfumo kwa uzuri wake. Mwenye duka anaupima kwa sekunde anazosimama mteja mbele yake. Mtu anayekuletea CV ya kurekebisha saa nne asubuhi na usaili wake ni saa tano hana habari na mfumo endeshi. Anatazama kama mkono wako unajua kitufe kilipo. Ukibadilisha mfumo, programu na kivinjari siku moja, mkono wako unapoteza vyote kwa pamoja, na hapo ndipo watu wanaposema Linux ni ngumu na kurudi nyuma. Vibadilishe kimoja kimoja.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari, na kwa wiki moja andika kila kazi iliyoingia na programu uliyoitumia. Wala usitegemee kumbukumbu, maana kuna kazi zinazokuja mara moja kwa wiki na ndizo zitakazokuumbua. Nadhani utakuta sehemu kubwa ni Word, kivinjari, WhatsApp ya kupokelea nyaraka na PDF. Kisha, hukohuko kwenye Windows, pakua LibreOffice, ambayo ni mkusanyiko wa programu za ofisi, na Firefox, ambayo ni kivinjari. Zote ni bure kihalali, na zote zina toleo la Linux linalofanana na lile la Windows karibu kila kitu. Kazi mpya zifanye humo kwa mwezi mzima. Ukibanwa na mteja, Word yako bado ipo pembeni, ifungue umalizane naye.

Hapa una bahati ambayo pengine hukuitegemea. Ulijifunza Word mwaka 2003, wakati amri zote zilikuwa kwenye menyu za juu: File, Edit, View, Insert, Format. Microsoft iliziondoa kwenye Office 2007 na kuleta ule utepe wa sasa. Writer, ambayo ndiyo Word ya LibreOffice, bado inakuja na menyu zile za zamani. Ctrl+C, Ctrl+V, Ctrl+B, Ctrl+P zote ni zilezile. Kati yako na mwanao, anayeweza kutatizika na Writer ni yeye.

Mambo mawili uyarekebishe siku ya kwanza. Nenda Tools, kisha Options, kisha Load/Save, na chini ya General uchague nyaraka zihifadhiwe kama .docx, usipofanya hivyo Writer itahifadhi kama .odt, ambayo ni aina yake yenyewe ya faili, na mteja atakayeifungua kwa simu au kazini kwake anaweza kukurudia analalamika. Jambo la pili ni fonti, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Ukihamia Linux, Calibri na Cambria hazitakuwepo, kwa kuwa ni mali ya Microsoft. Zipo mbadala ziitwazo Carlito na Caladea, zilizochongwa kwa upana uleule wa herufi, kwa hiyo mistari haihami na CV ya kurasa mbili haigeuki kuwa ya tatu. Liberation Serif inasimama hivyohivyo badala ya Times New Roman, na Liberation Sans badala ya Arial. Mwambie mwanao ahakikishe zote zimo kabla hujachapa ukurasa hata mmoja. Na kazi iliyokwisha, mpe mteja PDF pamoja na .docx, ili anachokiona yeye kiwe ndicho ulichokiona wewe.

Kuna kazi moja ambayo sitakudanganya: ripoti za utafiti za wanafunzi. Barua na CV zinavuka salama. Ripoti yenye jedwali la yaliyomo la kujitengeneza, namba za kurasa za kirumi mwanzoni na za kawaida mbele, pamoja na maoni ya msimamizi pembeni, inayotoka Word kwenda Writer na kurudi Word mara kadhaa, ina uwezekano wa kuvurugika mahali fulani. Kama kazi hizo ni nyingi kwako, na uko jirani na chuo kwa hiyo naamini ni nyingi, tafuta kompyuta moja ya kuwekea Word hata kama hii ya sasa itahamia Linux. Word ya kwenye kivinjari, ile ya bure ya Microsoft, inasaidia marekebisho madogo. Kwa ripoti ya kurasa themanini na bando la kusuasua haikutoshi.

Sasa kile utakachopoteza. Photoshop haina toleo la Linux. Picha za pasipoti zinawezekana vizuri kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ambayo nayo unaweza kuianza leo kwenye Windows: tengeneza ukurasa mmoja wenye nafasi za picha kwa vipimo unavyovitumia, uuhifadhi, na kila mteja mpya unabadilisha picha tu. Siku za mwanzo utaichukia, kwa sababu vifaa vyake vimepangwa kwa namna yake. Ipe mazoezi jioni ukishafunga duka, usiifanyie mazoezi mbele ya mteja.

Kama kadi zako za michango unazitengeneza kwa Publisher, hapo una kazi ya haraka, uhame au usihame. Microsoft imetangaza kuiondoa Publisher kuanzia Oktoba 2026. LibreOffice Draw, ile ya kuchora, inaweza kufungua faili za .pub za Publisher, lakini maandishi na mapambo huhama mahali pake. Fungua kadi zako nzuri zote sasa hivi, Publisher ingalipo, uzihifadhi kama PDF, halafu zile zinazoombwa sana uzitengeneze upya kwenye Draw au Canva taratibu. Mahesabu ya Tally, kama unayo, nayo ni ya Windows. Hata ile Adjustment Program ambayo mafundi wanatumia kuresetia printa za Epson zikijaa wino wa taka ni ya Windows, ingawa fundi huja na laptopu yake.

Printa ndiyo inayoamua zaidi kuliko yote niliyoyataja, kwa hiyo soma jina lake kamili kabla hujakubali lolote. Epson za tangi kama L3110 huchapa bila taabu, ila skana yake huenda ikahitaji uweke Epson Scan 2, ambayo Epson wenyewe wanatoa kwa Linux. HP nyingi zinatambulika zenyewe. LaserJet P1102, iliyojaa mitaani kwetu, inataka kipande cha ziada ambacho mfumo hukipakua kwa intaneti mara ya kwanza. Inayonipa wasiwasi ni Canon LBP2900. Inatumia lugha ya zamani ya Canon iitwayo CAPT, na draiva yake ya Linux ni ya kale na ya usumbufu. Kama hiyo ndiyo printa yako kuu, jibu langu linageuka: usihame mpaka uwe na printa nyingine.

Mifumo ya serikali haitakusumbua kwa kiasi unachodhani. Maombi ya HESLB, Ajira Portal, BRELA na TRA hufanyikia kwenye kivinjari, na kivinjari hakijali kilicho chini yake. Ndiyo maana nimesema uanze na Firefox ukiwa Windows: pitia kila tovuti unayoihudumia, ujaze, upandishe vyeti, uchape fomu. Kama kuna inayogoma kwenye Firefox, Chrome ipo kwa Linux pia. WhatsApp utaifungua hapohapo kwenye kivinjari.

Nikuambie na faida, maana zipo na zinagusa duka lako hasa. Kubwa ni flashi. Unawafahamu wale virusi wanaoficha faili za mteja na kumwachia njia za mkato tupu, kijana analia kwamba ripoti yake imepotea. Virusi hao wameandikwa kwa ajili ya Windows. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Linux hawawaki, na zile faili zilizofichwa mara nyingi unaziona zote kwenye folda kama kawaida. Unazinakili, unampa. Sisemi Linux haishambuliwi. Inashambuliwa, na masasisho yake uyaweke. Lakini kwa ugonjwa huu wa flashi, utakuwa umepumzika. Ukifanya tu kompyuta ya pili ya dukani iwe ya Linux kwa kazi ya kupokea flashi, tayari umefanya jambo kubwa.

Nyingine ni Kiswahili chenyewe. LibreOffice inaweza kuwekewa kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, kwa hiyo barua ya mteja haijai mistari myekundu chini ya kila neno. Kazi hiyo ina mizizi hapa nyumbani: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010. Nasikitika kwamba watu wachache sana wanalijua hilo.

Ukimaliza mwezi wako wa LibreOffice na Firefox na ukaona mikono imezoea, ndipo umwite mwanao. Mwambie aweke Linux Mint, toleo la Cinnamon, si kingine chochote anachokipenda yeye. Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, na mpangilio wake mwenye kutoka Windows anautambua: menyu kona ya chini kushoto, saa kulia, madirisha chini. Matoleo ya mfululizo wa 22 yatapata masasisho hadi mwaka 2029. Faili lake la kupakua linakaribia GB 3, kwa hiyo alipakue chuoni kwake, alipime kwa ile namba ya uhakiki iliyo kwenye tovuti ya Mint, halafu aliweke kwenye flashi ya GB 8.

Flashi hiyo inawasha Linux bila kugusa Windows. Kwenye HP unabonyeza F9 wakati inawaka, unachagua flashi. Itakuwa nzito kwa kuwa inasoma kutoka flashi, kwa hiyo usipime wepesi hapo. Pima vitu: Wi-Fi inashika? Printa inachapa? Skana? Sauti? Hotspoti ya simu, au simu ikichomekwa kwa waya, inaleta intaneti? Kimoja kikigoma, mnajua kabla ya kuharibu chochote.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na namna vijana wengi wanavyofanya. Watagawa diski yako moja iwe na Windows huku na Linux kule. Umeme ukikatika na betri ya mtumba ikikata katikati ya kugawa, kazi zako za miaka ziko hatarini. EliteBook 840 G3 inafunguka chini kwa bisibisi, na diski inatoka. Nunua SSD mpya ya GB 240, toa diski ya Windows, iandike jina na uifunge kwenye bahasha, weka hiyo mpya, na Linux iingizwe humo peke yake. Hakuna anayeweza kufuta kitu kisichomo ndani ya mashine. Faili zako za kazi zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, na kabla ya kuitoa hiyo ya Windows, tazama kwenye Settings kama BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data za diski, imewashwa. Ikiwa imewashwa, andika ule ufunguo wa kuokolea, la sivyo unaweza kuombwa siku unairudisha na usiwe nao.

Msifanye hayo msimu wa maombi ya mkopo wala wiki ya kukabidhi ripoti. Chagua likizo ya chuo. Nywila ya kompyuta uijue wewe, iandikwe kwenye daftari lako nyumbani, isibaki kichwani mwa mwanao peke yake. Muombe pia awashe Timeshift, inayotunza hali ya mfumo ili sasisho likileta shida mrudi kwenye siku mfumo ulipokuwa mzima. Ila haihifadhi nyaraka zako, hizo bado unazinakili mwenyewe.

Ukishindwa, unazima kompyuta, unarudisha diski iliyo kwenye bahasha, na Windows yako inawaka na kila kitu kilivyokuwa. Saa huenda ikasoma nyuma kwa masaa matatu, kwa sababu Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya dunia na Windows huisoma kama ya hapa kwetu. Irekebishe kwenye mipangilio ya saa, usidhani kuna kilichoharibika. Na kama utarudi huko wakati ule mpango wa viraka vya nyongeza umeshakwisha, basi kompyuta hiyo iwe ya kuchapa ripoti na kadi tu, bila intaneti, na maombi ya vijana uyafanyie kwenye mashine nyingine.